Jinsi ya kujua kwamba kutoa kumeanza kukumaliza

Mimi ni wakala wa M-Pesa hapa Kayole, Nairobi, na pia ni mweka hazina wa chama cha akina mama wa ploti zetu. Kwa kazi hizo mbili naona pesa za watu zikienda kwa ndugu, kwa jirani, kanisani na hospitalini, siku nenda siku rudi. Sina ugomvi na kutoa. Mtaa huu usingekalika kama watu wasingebebana; hapa mtu akifiwa asubuhi, jioni mchango umeshapata mwenyekiti. Ninachotaka ni kukueleza namna ya kutambua kwamba kutoa kwako kumevuka mpaka, na la kufanya ukishatambua, kwa sababu wengi ninaowaona hutambua wakati mlango umeshatiwa kufuli na mwenye nyumba.

Watu huutafuta mpaka huo kwenye kiasi. Huniuliza ni sehemu gani ya mapato inafaa kwenda kwa wengine. Kiasi hakikuambii kitu. Yuko anayetoa nusu ya mshahara na analala vizuri, maana mke anajua, watoto wameshiba, na nyumba nzima ilikubaliana kwamba mwaka huu wanamsomesha shangazi yao mdogo. Yuko anayetoa mia tano tu na mia tano hiyo inamharibia wiki. Mimi huangalia jambo moja: mtu huyu amelazimika kuficha nini ili aweze kutoa?

Mfano wa dirishani kwangu. Mteja anakuja saa kumi na mbili jioni na noti mbili za elfu, anataka nimwekee kwenye simu. Namwekea. Simu inalia, anasoma, uso unambadilika: alikuwa na deni la Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa unaojazia salio lisipotosha, na pesa ilipoingia tu, deni limejikata kwanza. Iliyobaki haifiki kile alichomwahidi mamake. Anatuma hivyo hivyo, Fuliza nyingine inajazia. Kisha anasimama palepale anafuta ujumbe mmoja mmoja, ule wa kuweka, ule wa kutuma, ule wa deni, ndipo anaitia simu mfukoni. Mwisho ananiuliza kwa sauti ya chini kama naweza kumwongezea ishirini ya nauli ya asubuhi.

Kumtumia mzazi pesa ni jambo jema. Lakini ndani ya dakika hizo chache amemficha mkewe kiasi, na amemficha mamake kwamba pesa ile ni ya deni. Wote wawili wangetaka kujua. Fuliza ilipoanza mwaka 2019 iliwaondolea watu aibu ya kukwama dukani kwa kupungukiwa na shilingi hamsini, na kwa hilo naishukuru. Ila hukatwa asilimia 1 ya unachochukua, na kwa kawaida ada ya kila siku juu yake hadi ulipe. Msaada unaotoka huko unaendelea kukugharimu hata baada ya aliyesaidiwa kusahau.

Basi hatua ya kwanza ni kuleta mambo mahali yanapoonekana. Piga *334# uombe taarifa ya akaunti yako, au itoe kwenye programu ya M-Pesa. Itakuja kwa barua pepe, na nambari ya kuifungulia itakuja kwa ujumbe mfupi. Omba ya miezi mitatu, kwa sababu mwezi mmoja hudanganya. Huenda ulikuwa na msiba. Nenda saiba, kwenye duka la kompyuta, ukaichapishe. Kwenye skrini ya simu mtu hupitisha macho haraka pale panapomuuma, lakini karatasi iko mezani na inakungoja.

Chukua kalamu za rangi tatu. Kila pesa uliyotoa kwa kupanga, au iliyotoka moyoni na hukuijutia, ipigie mstari wa kijani. Uliyotoa kwa kuogopa lawama, kwamba watasema umejitenga au umebadilika tangu uje Nairobi, ipigie buluu. Nyekundu ni ile uliyokopa ili utoe, au uliyotoa huku kodi, dawa zako au karo ya mwanao ikisubiri. Kando ya kila nyekundu andika nani aliomba, tarehe gani, na alisema ni ya nini. Fanya kazi hii ukiwa umekula na umepumzika. Ukiifanya usiku wa manane utaishia kujilaumu tu.

Ukimaliza, angalia tarehe. Sababu zikiwa zinabadilika, leo mbolea, mwezi ujao dawa ya ng'ombe, kisha paa linavuja, lakini tarehe na kiasi ni vilevile, huyo hana dharura. Anaishi kwa pesa hiyo kila mwezi, na huenda ni haki yake kabisa akiwa mzazi mzee, lakini jambo la kila mwezi linastahili kuzungumzwa na ndugu wote mkiwa pamoja. Lisiwe linaamuliwa na wewe peke yako ukiwa ndani ya matatu, simu ikilia.

Jumlisha na ada. Kutuma elfu moja hukatwa shilingi 13, na ukiambiwa "tuma na ya kutoa" unaongeza 29, na kwa kuwa kiasi kimepita elfu moja ada ya kutuma inapanda hadi 23. Anayefanya hivyo mara kumi kwa mwezi hutumia 520, na kwa miezi mitatu ni 1,560, karibu bei ya kujaza mtungi mdogo wa gesi. Tazama pia ambacho hakimo kwenye karatasi. Kuna watu waliochangia bili za hospitali za wenzao mwaka mzima na wao wenyewe hawajalipia SHA, bima ya afya ya serikali. Kwa sisi tusio na ajira rasmi kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, na hulipwa kwa mwaka, yaani 3,600. Hesabu ni nyekundu ngapi zako zingelipa hiyo.

Sasa linakuja gumu. Karatasi hiyo mwonyeshe mtu anayebeba mzigo huo pamoja nawe: mume, mke, dada mnayekaa naye, mtoto mkubwa anayeelewa. Kama unaishi peke yako, rafiki unayemwamini. Pale ambapo mkono unasita na unatamani kuukunja ukurasa, ndipo mpaka ulipo. Nimewaona watu wakiutambua mpaka wao hivyo, bila mahubiri ya mtu yeyote.

Watu hudhani kuficha kunamlinda anayepokea. Kunamnyima haki yake. Mama mmoja wa chama chetu alikuwa kila Jumamosi akimlisha jirani aliyeachwa na mumewe, pamoja na watoto wa jirani huyo. Sote tulimsifu. Hatukujua kwamba dawa zake za presha alikuwa akimeza leo, anaacha kesho na kesho kutwa, ili pakiti ifike mwisho wa mwezi. Tulijua siku alipoanguka kwenye foleni ya maji, mtungi wa manjano bado mkononi. Aliyelia zaidi siku hiyo ni yule jirani. Alikaa chini ukutani akawa anarudia, "Ningejua ningekula kwangu hata kama ni uji mtupu. Kwa nini hakuniambia?" Na ni kweli. Yule mwanamke hakuwahi kumwomba mwenzake aache dawa. Alipewa chakula ambacho bei yake alifichwa, na siku ilipofichuka akabaki na hatia ambayo haikuwa yake. Siku hizi wale wawili hupika pamoja. Mmoja analeta unga, mwingine mboga, na dawa zinamezwa mbele ya wote. Mama yule bado ni mkarimu kuliko sisi sote.

Mwili hutangulia kusema kabla ya karatasi. Kama jina fulani likitokea kwenye simu tumbo linakaza, au unaigeuza kifudifudi ili usiione, usipuuze. Kama umetoa ukicheka halafu kwa wiki nzima kila unayekutana naye unamsimulia jinsi ulivyotoa, hasira hiyo ina habari ya kukupa. Kukosa usingizi, kuumwa kichwa kila mwisho wa mwezi, kuwafokea watoto wako mara tu ukishamaliza kuongea kwa upole na watu wa nje: yote hayo yaandike kwenye ile karatasi.

Na si pesa tu. Kuna anayetoa muda. Ndiye mwandishi wa kila kamati ya matanga, ndiye anayelala hospitali ya Kenyatta na wagonjwa wa wengine, ndiye anayepigiwa saa sita usiku na kila mwenye ndoa inayoyumba. Mwaka 1974 mwanasaikolojia Herbert Freudenberger aliandika kuhusu uchovu mzito aliouona kwa wafanyakazi na watu waliojitolea kwenye kliniki ya bure huko New York, na alisema wazi kwamba wanaojitoa kwa moyo wote ndio walio hatarini zaidi. Mvivu hachoki hivyo. Kwa hiyo ukisikia umechoka, usidhani umepungukiwa na imani au upendo.

Wanaonihuzunisha zaidi ni vifungua mimba. Tunasema mkubwa ni jalala, na wengine wamelichukua kama kiapo. Naelewa, maana na mimi ni kifungua mimba. Kuna utamu wa kuwa mtu anayetegemewa, na ni vizuri kuukubali utamu huo wazi, kwa sababu usipokubaliwa hufanya maamuzi kwa niaba yako. Jaribu kujiuliza hivi: mdogo wako akikupigia kwamba amepata kazi na hatahitaji tena pesa yako, je, kuna kipande cha moyo kinachoona wasiwasi? Ukikiona, hicho ndicho kinachokufanya umlipie kodi kijana wa miaka thelathini anayeweza kuilipa. Kumwachia mtu mzigo anaoumudu nako ni kumheshimu.

Tofautisha pia dharura na mtindo. Mama anayelala kwenye kiti wodini kando ya mwanawe kwa wiki mbili hahitaji ushauri wangu. Mtoto akipona, atarudi kitandani kwake. Mwezi wa msiba kila mtu hufunga mkanda. Dharura ina mwisho unaoonekana. Harambee za zamani zilikuwa na akili hiyo. Tangu Mzee Jomo Kenyatta aifanye harambee kuwa wito wa taifa mwaka 1963, ya kujenga shule ilikuwa na siku yake, mwenyekiti, kiasi kinachotafutwa, na daftari linalosomwa mbele ya watu. Ikiisha, watu hula na kwenda nyumbani. Hata hivyo shinikizo liliingia, hadi Sheria ya Maadili ya Maafisa wa Umma ya mwaka 2003 ikamkataza afisa kutumia cheo chake kumbana mtu achange. Leo maombi yanakuja kwenye simu, mtu mmoja mmoja, bila daftari. Anayekuomba Jumatano hajui nani alikuomba Jumanne. Kwa hiyo daftari na mwisho unavileta wewe: "Nitasaidia hadi mwezi wa nane", na mwezi wa nane ukifika unakumbusha.

Wenye dini wataniambia kutoa hakuna kikomo. Nami huenda kanisani. Paulo, katika waraka wake wa pili kwa Wakorintho, sura ya 8, alipokuwa akiwahimiza watoe, aliwaeleza kwamba mtu hukubaliwa kwa alicho nacho, na kwamba hakutaka wengine wastarehe wao wakidhikika. Majirani zangu Waislamu wana aya ya sura ya 17 inayokataza mkono kufungwa shingoni na pia kukunjuliwa wote hadi mtu akabaki bila kitu. Kama kuna mtu anakubana kwa jina la Mungu utoe usichonacho, mrudishe huko.

Tuje kwenye kukataa, maana ndipo watu hukwama. Ushauri wangu wa kwanza: acha "sina". Nairobi kila mtu anajua tarehe ya mshahara, na "sina" inakulazimisha uanze kuficha tena, usivae kiatu kipya, usionekane umekula nyama. Sema "sitaweza". Ni kweli, haihitaji ulinzi. Ushauri wa pili: punguza maelezo. Kila sababu utakayoitoa, mwenzako ataitafutia njia ya kuizunguka, na nusu saa baadaye utakuwa umetuma.

Kwa mzazi: "Mama, hiyo ya mabati sitaweza mwezi huu. Ile yako ya tarehe tano inakuja kama kawaida." Hapo amesikia hapana na papo hapo amesikia hajaachwa. Kwa mjomba anayekusanya ya harusi: "Mjomba, kwa heshima, elfu moja ndiyo niliyopanga na nimeshaituma. Jumamosi nitakuja mapema tupange viti." Kwa ndugu anayetaka jibu sasa hivi: "Nimekusikia. Nitakujibu kesho jioni nikishaongea na mama watoto." Kisha umpigie kweli kesho jioni, hata kama jibu ni hapana. Hii ya kesho ndiyo naisisitiza kuliko zote. Maombi mengi ya haraka ninayoyaona dirishani hupata njia nyingine kabla ya asubuhi, na yale ya kweli bado yapo asubuhi na utayatimiza ukiwa na akili iliyotulia.

Unapoamua kutoa, toa wazi. Karo ipeleke moja kwa moja kwenye Paybill, nambari ya malipo ya shule, dawa inunue mwenyewe kwenye duka la dawa. Tenga pesa ya msaada siku ile ile mapato yanapoingia, iwe mia mbili au elfu tano, na watu wako wa karibu waijue. Ikiisha, imeisha, na unaweza kusema hivyo bila kumtazama mtu kando. Chama chetu kina mfuko wa matanga wa namna hiyo: mzazi, mwenzi na mtoto, kiasi ni kimoja kwa kila mwanachama, tajiri kwa maskini. Tulipouweka, kelele zilikuwepo. Ziliisha baada ya misiba michache, watu walipoona kwamba hakuna anayepewa kwa uso wake.

Kuhusu kumdhamini mtu kwenye sacco, neno moja tu: akiba yako hufungika hadi amalize kulipa au apatikane mdhamini mwingine, na akishindwa, unalipa wewe. Mdhamini yule tu ambaye ungeweza kumpa pesa hizo bure na bado mkasalimiana. Na ndugu anayekuja mjini kutafuta kazi, tarehe ya kuhama au kuanza kuchangia mzungumze jioni ya kwanza, mkila. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Katika chumba kimoja cha Kayole jembe hilo ni kuteka maji, kuosha vyombo, kununua tokeni za stima akipata kibarua.

Kuna jambo ambalo kalamu za rangi haziwezi. Kama unatoa kwa sababu ukikataa utapigwa, au mwenzako anakunyang'anya mshahara na simu, tatizo lako si ukarimu. Sheria ya Ulinzi Dhidi ya Ukatili wa Nyumbani ya mwaka 2015 inahesabu unyanyasaji wa kiuchumi kuwa ukatili. Piga 1195, ni bure, mchana na usiku, na unaweza kutumia simu ya jirani.

Kwa wengine, tarajia kununiwa. Mtu aliyezoea kupokea hatafurahi wiki ya kwanza, na huenda habari ikasambaa kijijini kwamba mji umekubadilisha. Wiki hiyo usitume kitu cha kutuliza hatia, hata mia mbili, maana atajifunza kwamba kununa kunalipa. Mpigie Jumapili umjulie hali, uulize ng'ombe amezaa au mvua imenyesha, pesa isitajwe. Ikifika tarehe yake ya kawaida, mtumie kile mlichokubaliana, kamili, na ujumbe usiufute.